Kipindi Kilichorudi Kinyumenyume

Mtaani kila mtu anamwita Kapteni, na ukiwauliza walio chini ya miaka arobaini kwa nini, watakupa majibu ya kushangaza. Kuna anayesema alikuwa jeshini. Kuna anayesema alicheza mpira. Muuza mkaa wa kona anaapa kwamba mama huyo aliwahi kuendesha meli akaizamisha, ndiyo maana siku hizi anashona mapazia. Kapteni mwenyewe hakanushi. Anapenda umbea, hasa ukiwa unamhusu yeye, na duka lake la ushonaji halijawahi kumaliza saa nzima bila watu wanne kwenye benchi ambao hawana nguo ya kushonewa.

Kwa hiyo Jumatatu ile alipoingia mhadhiri wa chuo, binti mwembamba mwenye begi zito, benchi zima lilisogea kumpa nafasi, kisha likanyamaza lipate kusikia vizuri.

"Samahani, mama. Wewe ndiye Kapteni wa *Tufike Kwanza*?"

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwa naitazama nikiwa mdogo. Sauti yako nimeitambua tangu mlangoni, ulipokuwa unamsema yule fundi umeme."

Benchi lilicheka. Kapteni hakucheka. Alikaa kwenye kiti chake cha cherehani taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni kutoka mbali anamngoja nyumbani.

Mhadhiri alieleza shida yake. Jumba la kuhifadhi filamu lilikuwa linafungua chumba kipya, na kila aina ya hadithi ingewakilishwa na kazi moja iliyotengenezwa hapa nchini. Mapenzi walishapata. Upelelezi walishapata. Rafu ya hadithi za kisayansi, zile za vyombo vya angani na mashine zinazoongea na kesho isiyofika, ilikuwa tupu. Yeye alikuwa ametaja *Tufike Kwanza*, na kamati ikamwangalia kama amependekeza wimbo wa kubembelezea watoto.

"Hasa Profesa," alisema. "Anasema hadithi ya kisayansi inamfanya mtu awaze, na katuni ya kuchekesha inamfanya asahau alichokuwa anawaza."

"Huyo profesa huwa anacheka?"

"Sijawahi kumwona, mama."

"Basi huyo si mpinzani. Huyo ni mgonjwa."

"Wamekubali kutazama kipindi kimoja. Alhamisi, saa kumi alasiri. Wakikipenda kitasafishwa na kutunzwa. Ni hicho kimoja tu, mama, kwa sababu mashine ya kusafishia tumeiazima na mwisho wa mwezi inarudi kwa wenyewe. Vingine sijui vitakuwaje. Mikanda ya zamani inaoza. Ukisikia inanuka siki, ujue inaondoka."

Kapteni alimwahidi atafika na kipindi. Binti alipoondoka, benchi likataka habari nzima, tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza tangu duka lifunguliwe mwenye duka aliwaambia watu waende makwao. Alifunga mlango, akainama chini ya meza ya kukatia, akasukuma marobota ya vipande vya kitambaa, akatoa kopo la biskuti lenye kutu. Alilifungua akanusa.

Siki.

*

Zamani hizo nyumba ya kina Kapteni haikufungwa mlango mchana. Mama yao alipenda watu kuliko viti, na viti havikutosha, kwa hiyo watu walikaa sakafuni, viatu vimejaa barazani hadi mgeni mpya anashindwa pa kukanyaga. Katikati ya zogo hilo, kwenye meza ya kulia, kaka yake alikuwa anachora nyota.

Kazi yake ya mchana ilikuwa kuchora mabango ya maduka, na mtaa ulimwita Penseli kwa sababu hakuwahi kuonekana bila moja sikioni. Kituo cha televisheni kilikuwa kimempa kamera kuukuu iliyokuwa inaelekea jalalani, pamoja na ahadi: akileta katuni, wataionyesha Jumamosi alasiri. Alichora kwenye karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, michoro minane kwa kila sekunde. Ukipiga chafya, michoro minane imepita. Rafiki yao fundi redio, ambaye sasa ni marehemu, alitengeneza sauti. Roketi kuruka ilikuwa jiko la mafuta linalopigwa pampu ndani ya ndoo. Mlango wa chombo ulikuwa pampu ya baiskeli. Mvua ya vimondo ilikuwa mchele unaomwagwa kwenye sinia, na mama yao aliusimamia yeye mwenyewe asije akapotea hata punje. Sauti ya kapteni wa chombo alikuwa dada mtu, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na mdomo usiopumzika.

Penseli hakutaka kuchekesha mtu. Alikuwa amesoma kila alichokipata kuhusu anga, akapiga hesabu ya miezi ya safari, akaandika maneno mazito kama mawe ya kujengea. Kipindi cha kwanza kilisomwa vilevile kilivyoandikwa. Kilipokwisha kuonyeshwa, sebule nzima ilikaa kimya, kisha jirani wa mlango wa pili akainuka, akampa mama yao mkono, akasema, "Poleni sana. Amefariki nani?"

Kuanzia cha pili, dada mtu akaanza kuongeza ya kwake. Kile chombo cha fahari akakipa jina la *Tufike Kwanza*. Roboti, ambaye kwenye maandishi alikuwa akitangaza halijoto tu, akawa Bati, mwenye wivu, mbea, anayeogopa giza. Fundi redio alimsema akiwa ameingiza mdomo kwenye kopo la maziwa. Mtaa ukachizika. Jumamosi alasiri ungeweza kupita na ng'ombe mzima barabarani asikuone mtu.

Penseli alilalamika kila wiki, na kila wiki alichora.

Ndipo kikaja cha kumi na moja.

Utaratibu wake ulikuwa hivi: akimaliza mchoro anauweka juu ya wenzake, kwa hiyo wa mwisho ndio unakuwa juu. Kazi ikiisha analigeuza rundo zima, wa kwanza uje juu, ndipo fundi redio anapiga picha kuanzia juu kwenda chini bila kuuliza swali. Siku ile alikuwa ameshika rundo mkononi, analigeuza, mama yake akamwita kula. Mama yao hakuwa mtu wa kuita mara mbili. Penseli aliliweka rundo, akaenda, akala, akarudi akiwa na hakika ameshaligeuza.

Mkanda ulirudi kutoka maabara ya kusafisha picha siku moja kabla ya kuonyeshwa. Walitundika shuka ukutani, wakawasha projekta ili waingize sauti kama kawaida. Na kwenye shuka, chombo kilianza kumeza moshi wake.

Penseli alitazama dakika mbili. Kapteni wa katuni aliyempa miezi mitatu ya maisha yake alikuwa anatembea kwa kisogo, anang'oa bendera, anarudisha chai kikombeni kutoka mdomoni. Mkanda mwingine haukuwepo. Muda haukuwepo. Aliinuka akatoka nje, akaufunga ule mlango usiofungwa mchana, na hakurudi hadi giza.

Dada na fundi redio walitazamana. Halafu dada akavuta kipaza sauti.

Kilipoonyeshwa, watu walicheka hadi wengine wakatolewa nje wapumue. Wiki nzima, Penseli akipita barabarani, wazima na akili zao waligeuka wakawa wanatembea kinyumenyume nyuma yake. Walimpenda, ndivyo walivyomwonyesha. Yeye aliupeleka mkanda ule kwenye pipa la taka, akaomba kazi ofisi ya ramani, na kwa miaka thelathini na moja akachora mipaka ya viwanja, mistari isiyomchekesha mtu. Kituo hakikupata kipindi cha kumi na mbili.

Mkanda ulitoka kwenye pipa usiku uleule, ukaingia kopo la biskuti.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo Penseli hakulijua, kwa kuwa hakukaa kulisikia, wala hakukitazama kipindi kilipoonyeshwa. Pale mwishoni, wakiwa wanaingiza sauti, mama yao aliita kutoka jikoni. Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka, wakanyamaza, sauti yake ikaingia, na hapakuwa na nafasi ya kurudia. Mama alinuna siku mbili: ameita, watoto wamemnyamazia. Hakuna kanda nyingine yenye sauti yake. Siku ya maziko yake Kapteni alijaribu kumwambia kaka yake. "Kwenye kile kipindi," alianza, na Penseli akainua mkono. "Leo pia? Hata leo?" Tangu hapo hakurudia.

*

"Kipindi cha kwanza," alisema Penseli, siku hiyohiyo ya Jumatatu, kwenye sebule yake yenye viti vinne na mtu mmoja. "Hicho ndicho cha kupeleka. Hicho ni sayansi. Nilipiga hesabu ya uzito wa chombo, unajua?"

"Najua, kaka. Ulipiga kwenye ukuta wa choo, mama akakufutisha."

"Wanataka watu wanaowaza. Watawaza."

Kapteni alikuwa amekuja na maneno yake yote yamepangwa. Alizungusha kikombe. "Na kile cha..."

"Ukikitaja, chai hiyo utamalizia nje."

"Sijataja kitu."

"Ulitaka. Nakujua." Alikuwa amenyoosha kidole, kidole kilichowahi kuchora nywele moja moja za kapteni. "Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kile kipindi. Nikifa wataniingiza kaburini kinyumenyume. Mara moja tu, dada yangu, nataka nikae chumbani na watu wazima watazame nilichokusudia."

Angemwambia habari za mama. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini kumwambia hapo ingekuwa kumkaba mtu kwa kumtumia mama yake, na yeye, kwa umbea wake wote, hakuwa amefika huko. Kama kipindi kile kingepita, kipite kwa sababu ni kizuri.

"Cha kwanza basi," alisema. "Kaka ni kaka."

Alhamisi alibeba kikapu chake cha kazi. Juu kulikuwa na futi ya kupimia, vitambaa, pazia la mtu. Chini kulikuwa na kopo la biskuti. Kwa nini alilibeba hakujua kueleza; labda hakutaka libaki dukani peke yake siku kama hiyo.

*

Chumba cha kutazamia kilikuwa na viti ishirini na watu wanane, mbali na Kapteni na kaka yake. Mhadhiri, mwenyekiti wa kamati, wajumbe watatu, fundi wa projekta. Profesa alikaa mbele, mzee mrefu mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani kama akiba. Mama wa kugawa chai aliacha mlango wazi ili achungulie. Penseli alikuja na mkanda wa kipindi cha kwanza kwapani, suti ya ofisi ya ramani na penseli sikioni, jambo ambalo dada yake hakuwa ameliona tangu ujana. Dada alilazimika kugeuka pembeni apanguse macho, akasingizia vumbi.

Taa zilizimwa. Kipindi cha kwanza kikaanza.

Kilikuwa kizuri, na Kapteni alikuwa amesahau kizuri kiasi gani. Nyota zilikuwa na kina. Chombo kilikuwa na kutu mahali panapostahili kutu. Halafu sauti yake mwenyewe ya ujanani ikaanza kusoma uzito wa mafuta, na umbali, na halijoto, na umbali tena. Dakika ya nne mwenyekiti alibadili mguu. Dakika ya sita mama wa chai alichukua sinia lake akaondoka bila kelele. Profesa alikuwa ameshika shavu, na anawaza, lakini mtu yeyote angeona hawazi mambo ya anga.

Taa ziliwashwa.

"Michoro safi sana," alisema mwenyekiti.

"Safi," wajumbe wakakubali.

"Kwa wakati wake," akaongeza Profesa, kwa upole wa kumfunika mtu shuka.

Kapteni alitazama mikono yake. Pembeni alimsikia kaka yake akivuta pumzi.

"Hata mimi nimechoka," alisema Penseli.

"Kaka..."

"Ile habari ya mafuta ni ndefu. Kwa nini hamkuniambia ni ndefu?"

"Tulikwambia. Jirani alikwambia. Alitoa na rambirambi."

Kitu kilipita mdomoni mwa Penseli, kitu kidogo sana, kikaondoka. Alikitazama kikapu cha dada yake. Akakitazama muda mrefu.

"Umekileta."

"Nimeleta nini? Ulikitupa mwenyewe."

"Nilikitupa, na asubuhi yake pipa lilikuwa limepangwa vizuri kuliko nilivyoliacha. Ni nani mwingine mtaani anayeweza kukunja taka?" Alitoa penseli sikioni akaishika kwa mikono miwili. "Wape."

Mhadhiri alimwangalia mwenyekiti, mwenyekiti akaangalia saa, akaitikia kwa kichwa. Kapteni alitoa pazia la mtu, akatoa futi, akatoa kopo. Fundi wa projekta alinusa akakunja uso. "Huu unaweza kukatika, mama."

"Uendeshe kama unavuka na mtoto mgongoni."

Giza tena. Kwenye kitambaa cheupe, kapteni wa *Tufike Kwanza* alisimama juu ya nyota ya mbali mbele ya bendera yake, na viumbe wenye macho matatu wamemzunguka wakiwa wamekumbatia zawadi. Kisha mkono wake ukainuka, ukang'oa bendera.

"Jamani, samahanini," ilisema sauti ya msichana mwenye mdomo usiopumzika, "tumekosea nyumba."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Kapteni akaanza kunyang'anya zawadi mikononi mwa viumbe, moja baada ya nyingine. "Shanga hizi ni za dada yangu, hajui nimezichukua. Na kioo lete. Wewe mwenye macho matatu, kioo cha nini, si utajitisha?"

"Kapteni," alisema Bati ndani ya kopo lake la maziwa, "saa yangu inasema ni jana."

"Jana saa ngapi?"

"Jana, kama kesho kutwa hivi."

"Tengeneza."

"Nikiitengeneza itakuwa nimeshaiharibu."

Mwenyekiti alikuwa ameinamia magoti. Mama wa chai alirudi, safari hii ndani kabisa, sinia kifuani. Kwenye kitambaa, kapteni alitema chai ikarudi kikombeni, akaisifu kuwa imekuja na sukari zaidi. Bati alilia kwa sababu amekumbuka mambo ambayo bado hayajampata. Chombo kilimeza moshi, kikaanguka kwa matako kuelekea duniani, jiko la mafuta likinguruma ndani ya ndoo, na Bati akiomba ateremshwe njiani. Na hapo kutoka kiti cha mbele ilitoka sauti kama mlango wa kabati uliokaa miaka bila kufunguliwa. Profesa alikuwa anacheka. Miwani ya akiba ilidondoka, hakuiokota.

Dada mtu hakutazama kitambaa. Alimtazama kaka yake. Penseli alikuwa ameketi wima, uso hausemi kitu, taa ya projekta ikimpitia machoni.

Chombo kikatua. Kapteni wa kwenye kitambaa akatoka kwa kisogo, akapita barabara yenye mabango ya maduka, kila bango mkono wa Penseli, akaingia kinyumenyume kwenye baraza iliyojaa viatu. Kofia yake ikapungua. Mikono ikapungua. Bati akanyamaza. Kile ambacho Penseli alikuwa amekichora kuwa mwanzo, mtoto anayekua hadi kuwa rubani, sasa kilikuwa mwisho: mwanamke aliyefika kwenye nyota anarudi kuwa msichana mdogo amesimama mlangoni, peku, anatazama mbingu ambayo bado hajaiendea.

Kicheko kiliisha chumbani chenyewe bila kuambiwa.

Na kutoka mbali, nyuma ya ukuta, sufuria ikifunikwa, ikaja sauti ya mwanamke: "Nyinyi! Njooni mle, chakula kinapoa!"

Msichana hakujibu. Alibaki akitazama juu. Mkanda ukaisha, mwanga mweupe ukajaa.

Fundi alichelewa kuwasha taa. Alipowasha, Profesa alikuwa amegeuka nyuma kabisa.

"Nimesoma hadithi za anga maisha yangu yote," alisema. "Wote wanakwenda kuchomeka bendera. Sijawahi kuona watu wanaoing'oa na kuomba radhi. Na huko mwisho..." Alipapasa kichwani, akakuta miwani haipo. "Ni nani aliyepata wazo la kuirudisha safari nzima nyuma?"

Dada mtu alifungua mdomo. Penseli alimtangulia.

"Hakuna. Nilisahau kugeuza karatasi. Niliitwa kula." Alisema hivyo mbele ya watu wanane, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja mahali alipozaliwa. Kisha akageuka. "Yule ni mama."

"Ndiye."

"Kumbe ulikuwa nayo siku zote hizi."

"Ulikuwa unainua mkono, kaka."

Aliuangalia mkono wenyewe.

Mhadhiri alikuwa ametoa fomu na kalamu, macho yamemwiva, anajitahidi kuwa mtu wa ofisi. "Mwenyekiti, naandika hiki? Na hapa kwenye aina, niweke kichekesho au hadithi ya kisayansi?"

Mwenyekiti alimwangalia Profesa. Profesa alikuwa chini ya kiti anatafuta miwani.

"Kisayansi," ilisema sauti kutoka chini. "Andika kabla sijainuka nikabadili nia."

Watu walicheka, mama wa chai akaanza kugawa vikombe, na chumba kile cha viti ishirini kikawa na zogo la nyumba yenye wageni. Kapteni, ambaye kwa kawaida angekuwa katikati ya zogo, alibaki pale alipoketi, kwa sababu kaka yake alikuwa amesimama karibu na projekta anaongea na fundi.

"Mwisho tu, mwanangu. Kile kipande cha mwisho. Unaweza kurudisha?"

"Kidogo, mzee. Mara moja. Usije ukakatika."

"Mara moja inatosha."

Taa hazikuzimwa, kwa hiyo kwenye kitambaa msichana alionekana kwa shida, kivuli cha kijivu mlangoni. Lakini sauti ilikuja safi, na sufuria, na jiko, na nyumba nzima nyuma yake.

"Nyinyi! Njooni mle, chakula kinapoa!"

Penseli alirudisha penseli yake sikioni.

"Tunakuja, mama," alisema.